Kwa nini “cup” ya Leeds si “cup” ya mwalimu wangu wa shule?

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi kutoka Kilifi, na sasa nafanya kazi hospitalini hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Kiingereza nimesoma tangu chekechea, na mtihani wa lugha wa kuja huku niliupita vizuri. Shuleni mwalimu wetu alitukazania kile alichokiita Kiingereza cha Malkia: ‘bath’ iwe ‘baath’, ‘cup’ iwe ‘kap’. Huku nasikia wagonjwa wakisema ‘kup’, ‘bus’ wanaitamka kwa u kama ilivyoandikwa, na ‘bath’ yao ni fupi kabisa. Mwenzangu wa London anatamka vingine, na kwenye filamu za Kimarekani ni vingine tena. Juzi nilimuuliza mzee mmoja ‘Does it hurt?’ akanijibu kwamba moyo wake hauna shida, kinachomsumbua ni goti. Nikiuliza ‘date of birth’ wengine hunitaka nirudie. Mwanangu wa miaka minane ananirekebisha mbele ya wageni. Nimeona tangazo la kozi ya kuondoa lafudhi, na bei yake ni karibu mshahara wa wiki mbili. Nani hasa anatamka sawasawa? Na je, nilipe?”

Marahaba, dada yangu, na pole kwa zamu. Katika barua yako kuna mambo mawili yaliyoshikana, na yasipotenganishwa utaumia bure. La kwanza ni wewe kuwasikia watu wa Leeds. Hilo ni kazi ya sikio kuzoea, na halidai ubadilishe chochote kinywani mwako. La pili ni wao kukusikia wewe, na huko ndiko waliko mzee wa goti na tarehe ya kuzaliwa. Hili la pili linadai marekebisho, lakini madogo kuliko unavyohofia: irabu moja mpya, na nyingine moja au mbili za kunolewa. Lafudhi yako ya Kilifi iache ilipo.

Nianze na hilo la nani anatamka sawasawa, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Mwalimu wako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Kiingereza cha Malkia ni lafudhi ya tabaka fulani la watu wa kusini mwa Uingereza. Iliimarishwa na shule za bweni za wenye nacho, kisha ikabebwa na redio. Mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji kuhusu matamshi, mwenyekiti wake akiwa mshairi Robert Bridges, na sauti hiyo ndiyo iliyosikika hewani kwa miaka mingi. Mwaka 1941 Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax, mji usio mbali na hapo ulipo, alipewa kuwasomea habari watu wa nchi nzima kwa lafudhi yake ya Yorkshire, eneo hilohilo ilipo Leeds yako, na wako wasikilizaji waliokasirika. Shule zetu za Afrika Mashariki zilirithi lafudhi ya watangazaji na ya maofisa wa kikoloni kana kwamba ndiyo lugha yenyewe. Huko kwao, wanaoizungumza hivyo nyumbani siku zote wamekuwa wachache.

Na Malkia mwenyewe hakuganda nayo. Mwaka 2000 Jonathan Harrington na wenzake walichapisha matokeo ya kupima irabu za Malkia Elizabeth II katika hotuba zake za Krismasi, wakilinganisha zile za miaka ya 1950 na zile za miaka ya 1980. Irabu zake zilikuwa zimesogea kuelekea matamshi ya raia wa kawaida wa kusini, wenye umri mdogo kuliko yeye. Mfano mmoja ni irabu ya “hat”. Zamani watu wa tabaka lake waliitamka karibu na e, na leo kijana wa London huitamka karibu na a yetu. Sikiliza maneno tuliyoazima zamani: benki, bendi, bendeji, meneja. Yote yameingia Kiswahili kwa e, jambo linaloafikiana kabisa na hiyo sauti ya zamani.

Sasa “kup”. Hapa wengi hukosea, wakiwemo Waingereza wengi wa kusini, wakidhani watu wa kaskazini wameharibu neno. Ilivyokuwa ni kinyume chake. Hadi kufikia karne ya 17, “cup”, “cut”, “put”, “love” na “bull” zote zilikuwa na irabu ya namna moja, jamii ya u. Kisha huko kusini irabu hiyo ikagawanyika. Katika maneno mengi ulimi ulishuka na midomo ikaacha kuviringwa, ikazaliwa sauti ambayo masikio yetu huisikia kama a. Katika maneno machache, hasa pale irabu ilipotanguliwa na sauti za midomo kama p, b, f na w, u ilibaki: “put”, “pull”, “full”, “bush”. Ndiyo sababu London “put” na “but” havina vina vya pamoja, ila Leeds vinavyo. Mgawanyiko huo haukuwahi kuifikia kaskazini. Mgonjwa wako anayeomba “kup” ya chai anatamka kwa namna ya zamani zaidi, na tahajia yenyewe ni shahidi wake.

“Bath” nayo ina kisa cha jamaa huyohuyo. Watu wa kusini mashariki walianza kuirefusha a mbele ya sauti kama f, s na th, na mbele ya n yenye konsonanti nyingine baada yake, kisha urefu huo ukaja na sauti mpya ya nyuma ya kinywa. Kaskazini hawakufuata. Wamarekani pia hawakufuata, kwa kuwa walowezi wengi walikuwa wameshavuka bahari kabla badiliko hilo halijashika mizizi London. Ndiyo maana mzee wa Leeds na mwigizaji wa filamu wa Kimarekani wanakutana kwenye “grass” na “dance” fupi, ilhali katika mambo mengine wako mbalimbali kabisa. Usitafute mantiki kamili huko kusini: wanarefusha “grass” lakini hawarefushi “gas”, wanarefusha “pass” lakini si “mass”. Badiliko lilisambaa neno kwa neno, likasimama kabla ya kumaliza kazi.

Pengine unajiuliza mbona ni irabu ndizo zinazohangaika hivyo. Jibu liko ndani ya kinywa. Tamka p, halafu t, halafu k. Kila moja ina mahali inapogusa: mdomo kwa mdomo, ulimi nyuma ya meno, ulimi kwenye kaakaa la nyuma. Mtoto anayejifunza ana alama ya kushika. Sasa tamka i, e, a polepole bila kukata pumzi. Taya linashuka, ulimi unashuka, na hakuna mahali popote unapogusa. Kati ya i na e hakuna mpaka wowote uliochorwa kinywani. Mpaka umo akilini mwa jamii ya wasemaji. Mtoto huuchukua kwa sikio tu, na akiuchukua kwa tofauti ndogo mno isiyotambulika, watoto wa mtaa mzima wakafanya vivyo hivyo, baada ya vizazi vitatu irabu imehama.

Ikihama moja, jirani zake huguswa. Ni kama kiti cha nyuma cha matatu: wa dirishani akisogea, wa katikati huvutwa au husukumwa, na safari huisha kila mtu amekaa pengine. Kiingereza kilipitia msogeo mkubwa wa namna hiyo takriban kati ya mwaka 1400 na 1700. Kabla yake “name” ilitamkwa karibu na “nama”, “bite” karibu na “biti”, na “house” karibu na “hus”. Katikati ya msogeo huo, mwaka 1476, William Caxton alileta mashine ya uchapaji Westminster. Tahajia ikaanza kuganda huku vinywa vikiendelea kusonga, na mwanafunzi wa leo analipia pengo hilo. Mtoto wa Kiswahili anayesoma “name” kwa kufuata herufi yuko karibu zaidi na Mwingereza wa miaka 600 iliyopita kuliko na mwalimu wake.

Linganisha na Kiswahili. Mtu wa Unguja atakuambia njoo, wa Lamu atakuambia ndoo. Mmoja ana macho, mwingine ana mato. Kinachobadilika hapo ni konsonanti. Irabu ni zilezile. Irabu tano zina nafasi ya kutosha kinywani, kila moja na eneo lake pana, hivyo hazigongani sana. Kiingereza cha kusini, kwa hesabu ya kawaida ya wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, kina irabu kama 20 ukijumlisha zile zinazoungana mbili mbili. Nafasi ni ileile, wapangaji ni mara nne. Msongamano huo hauwezi kutulia.

Na haujatulia. Ukitoka Leeds kwenda Hull, safari isiyozidi kilomita 100, utasikia “no” ikitamkwa kwa irabu inayofanana na ile ya “nurse”. Liverpool wengi hawatofautishi “fair” na “fur”. Uskoti “pull” na “pool” kwa kawaida ni sauti moja, lakini Waskoti wenye lafudhi ya jadi wanatofautisha “fern”, “fir” na “fur” kwa irabu tatu, pale ambapo Waingereza wengine wote wana moja. New Zealand “pen” yao mgeni huisikia “pin”. Chicago, Detroit na miji mingine inayozunguka Maziwa Makuu ya Marekani, mwanaisimu William Labov na wenzake walirekodi msogeo ambamo “block” ya mtu wa huko, ikikatwa kutoka kwenye sentensi yake, inasikika kwa wengine kama “black”. Hao wote Kiingereza ndicho walichonyonya nacho. Nakuorodheshea haya ili siku ukiambiwa kwamba Wakenya wanachanganya “hurt” na “heart”, ujue kwamba kuunganisha irabu mbili ni jambo ambalo Waingereza wenyewe wamelifanya katika kila kona ya nchi yao.

Kuna sababu nyingine isiyo ya kinywa. Labov huyohuyo, mwaka 1963, alichapisha utafiti wa kisiwa cha Martha’s Vineyard, pwani ya Massachusetts. Watalii wa kiangazi walikuwa wamefurika, na uvuvi ulikuwa unadidimia. Aligundua kwamba irabu za maneno kama “right” na “house” zilikuwa zinarudi kwenye umbo la zamani, na kwa nguvu zaidi kati ya wavuvi wa Chilmark, sehemu mojawapo ya kisiwa hicho, na wale waliotaka kuishi na kufia kisiwani. Vijana waliotamani kuondoka hawakuzirudisha hivyo. Hakuna aliyekaa akaamua. Irabu zilibeba msimamo wa mtu kuhusu kwao. Hilo linamhusu mwanao, na nitamrudia.

Tuje kinywani mwako. Wewe unasikia na kutamka kwa irabu tano, na hizo tano zinapopokea zile 20, baadhi hulazimika kulala chumba kimoja. Mwaka 1982 John Wells wa London alipanga maneno ya Kiingereza katika mafungu 24 kufuatana na irabu zake, ili iwe rahisi kuona ni lafudhi gani inaunganisha fungu gani na gani. Ukitumia mpango wake kwa Kiingereza cha Kenya, utaona mafungu manne, yale ya “hat”, “hut”, “heart” na “hurt”, yakiangukia a moja. Hii ya “hurt” ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu haina jirani wa karibu miongoni mwa tano zetu. Sikio letu hubahatisha pa kuipeleka. “Skirt” ikawa sketi, “shirt” ikawa shati, “nurse” Tanzania ikawa nesi: irabu ni ileile moja kwa Mwingereza, sisi tumeigawa kwenye e na a. Wakenya wengi huipeleka kwenye a, na hapo “birth” inakuwa “bath”. Mgonjwa wako, mwenye “bath” fupi ya Yorkshire, anasikia umemuuliza tarehe ya kuoga, na inabidi arudi nyuma akisie.

Lakini kuna habari njema ambayo mwalimu wako wa shule asingeweza kukupa. Kwa mtu mwenye irabu za Kiswahili, Leeds ni rahisi kuliko London. Hebu tuyaweke yale maneno manne kama yanavyotamkwa hapo. “Hat” ni a fupi, karibu kabisa na a yako. “Heart” ni karibu a ileile ila ndefu, na tofauti hiyo unaijua tangu utotoni kwa kuwa hujawahi kuchanganya kufa na kufaa. “Hut” wao wanaitamka kwa u. Imebaki “hurt” peke yake. “Go” na “day” nazo, ambazo London huzitamka kwa irabu mbili zinazoteleza, wazee wengi wa Yorkshire huzitamka kwa o moja na e moja zilizovutwa kidogo, yaani karibu sawa na unavyozitamka wewe. Usikubali mtu akurekebishe hizo.

Basi ni irabu moja ya kujifunza upya. Mwaka 2000 Jennifer Jenkins, aliyechunguza mazungumzo ya Kiingereza kati ya watu wa lugha mbalimbali, alifikia hitimisho kwamba sura kamili ya irabu haizuii sana kueleweka, mradi msemaji asiyumbe na alinde tofauti ya fupi na ndefu. Kati ya irabu zote, aliitaja moja ambayo kukosea sura yake huleta matatizo: hiyohiyo ya “nurse” na “hurt”. Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya kwamba makosa yako mawili wodini yote yametokea hapo.

Ifanye hivi. Vuta e ya mwisho ya “wewe”, bila kutabasamu. Midomo isitanuke wala isiviringwe, ilegee tu. Huku sauti ikiendelea, rudisha ulimi nyuma kidogo, kama unayeelekea kwenye o, halafu uusimamishe katikati ya njia kabla midomo haijataka kuviringika. Taya lisishuke, likishuka umerudi kwenye a. Hapo ndipo ilipo. Ni sauti ileile ambayo Waingereza hutoa wanaposita wakitafuta neno, kwa hiyo unaisikia wodini kutwa nzima bila kujua kwamba ni irabu kamili. Hutahitaji r baada yake, maana Leeds, kama London, hawaitamki r hiyo. Mmarekani anaitamka, mfuate tu ukihamia kwake.

Ukishaipata peke yake, ipeleke kwenye maneno ya kazi yako: “birth”, “hurt”, “nurse”, “thirsty”, “burn”, “turn”, “surgery”, “first”, “thirty”, “Thursday”. Tahajia itakusaidia: er, ir na ur katika silabi yenye mkazo karibu zote ni hiyo, na pia or inayotanguliwa na w, kama “work” na “word”. “Heart” imejitenga, ikariri. Tamka maneno hayo kwa jozi ukijirekodi kwa simu: “heart, hurt”, “bath, birth”, “ban, burn”, “tan, turn”. Kesho yake sikiliza bila kutazama orodha, uone kama unaweza kutambua ulisema lipi. Usipotambua wewe, mgonjwa naye hatatambua. Kwa watu wengi kazi hii ni ya wiki kadhaa za dakika chache kila siku. Utaanza kuisikia kabla ya kuweza kuitamka, na huo ndio mpangilio wake wa kawaida, usikate tamaa.

Nakuongezea jambo ambalo hukuliuliza. Kwenye wodi yenye wazee, tofauti ya “slip” na “sleep” ni ya hatari zaidi kuliko “cup” na “kup”. Shuleni tulifundishwa kwamba ya kwanza ni i fupi na ya pili ni i ndefu, basi. Maelezo hayo hayatoshi. Urefu wa irabu za Kiingereza hubadilika kwa kufuata konsonanti inayokuja baadaye: irabu ya “bead” ni ndefu, lakini ya “beat” hukatwa hadi inakaribiana na ile ya “bid”. Ukitegemea urefu peke yake utapotea. Kinachozitenganisha zaidi ni ulimi. Irabu ya “sleep” ni i yetu, ulimi juu na mbele. Ya “slip” iko chini yake kidogo, umelegea, kati ya i na e. Ukiikosea, kosea kwa upande wa e. Hapo utaeleweka kuliko ukiifanya i kamili. Jozi ya “fill” na “feel”, na ya “pill” na “peel”, zifuate njia hiyo.

Na kwa namba usitegemee irabu wala mkazo. “Fifteen” na “fifty” huchanganywa hata na wazawa, hasa kwenye simu. Sema tarakimu moja moja, moja tano au tano sifuri, kisha mwombe mwenzako akurudie alichosikia. Ukimuuliza mgonjwa kuhusu maumivu, tumia “pain” pale unapoweza mpaka “hurt” itakapokaa. Kuchagua neno lingine ni ujuzi wa kazi.

Kwa upande wa kuwasikia wao, kariri mambo haya machache na sikio litamalizia lenyewe. Popote ulipozoea a ya “cup”, tegemea u: “mum”, “blood”, “tummy”, “love”. H ya mwanzo mara nyingi haitamkwi, kwa hiyo “hurts” itakufikia bila h. Halafu kuna maneno ambayo si lafudhi ila ni msamiati wa kwao: “nowt” ni hakuna kitu, “owt” ni chochote, “summat” ni kitu fulani. Mzee akisema amekula “nowt” tangu jana, usiandike kwamba amekula karanga. Muulize tena bila haya. Watu wa Yorkshire wanaipenda lugha yao, na wengi hufurahi mgeni akiuliza.

Kozi sasa. Sikushauri uilipie hiyo uliyoiona. Kwanza, hakuna kitu kama kuondoa lafudhi, kwa kuwa kila mtu anayo. Mtu mzima anaweza kuongeza nyingine juu ya ile aliyo nayo, kwa bidii ya muda mrefu, na mara nyingi huteleza akichoka au akiharakishwa, yaani hasa katika hali za wodini. Pili, kozi nyingi za aina hiyo hufundisha lafudhi ya kusini, na wewe unahudumia watu wa kaskazini. Ungelipa pesa nzito ili “bath” yako iwe mbali zaidi na ya wagonjwa wako. Hata hivyo sitakuambia kwamba kila mwalimu wa matamshi ni wa kuogopwa. Kama umefanya mazoezi haya kwa miezi miwili na bado unaombwa urudie, vipindi vichache vya ana kwa ana na mwalimu anayejua fonetiki vinaweza kukufaa. Muulize kabla ya kulipa: atasikiliza kwanza unavyozungumza, kisha akutajie sauti gani zinakuangusha? Akianza na ahadi kabla hajakusikiliza, ondoka.

Kuiga irabu za Leeds zenyewe, kusema “kup” na “bus” kwa u, ni hiari yako. Ukiona zinakuja zenyewe, ziache zije. Mtu akikaa na watu hufanana nao. Ukijilazimisha zitasikika za kubandikwa, na hakuna mgonjwa anayezidai. “Kap” yako wataielewa, maana watu wa kusini wapo kila kituo.

Mwanao hana dharau. Yuko katika umri ambao watoto huacha kuwasikiliza wazazi kwa upande wa matamshi na kuwafuata wenzao wa darasani, kama ambavyo kila mtoto wa mhamiaji hufanya, awe wa Kilifi au wa London. Anachokuonyesha ni kwamba ameshajua yeye ni wa wapi, au angalau wa wapi kwa saa za shule. Nyumbani endelea kuzungumza naye Kiswahili, na usilazimike kumsemesha Kiingereza eti ili asipitwe. Hicho anacho, mtaa mzima unamfundisha. Anapokurekebisha mbele ya wageni, mwambie kwa upole kwamba hapa husemwa hivyo, na kwamba kwa bibi yake husemwa vingine. Kama yeye mwenyewe angekuwa na sauti zinazomshinda katika lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, hapo ningesema muone mtaalamu wa matatizo ya usemi wa watoto. Sauti zikimshinda katika lugha moja tu, hiyo ni hatua ya kujifunza.

Na wewe, ni lini umtafute mtu wa kukusaidia ana kwa ana? Kama tukio lolote la kutoelewana limegusa dawa, kipimo au ridhaa ya mgonjwa, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo, na uulize idara ya mafunzo ya hospitali kama wana msaada wa mawasiliano kwa wauguzi waliotoka nje. Ukipatikana ndani ya kazi, ni bora kuliko wa kununua. Kama unaanza kupotewa na maneno hata mkizungumza Kiswahili kwa simu na nyumbani, au unaongeza sauti ya televisheni kuliko wenzako, kapimwe masikio, maana hapo tatizo si irabu. Lafudhi yenyewe si ugonjwa na haihitaji tabibu. Kwa wiki mbili zijazo, andika pembeni ya daftari lako kila neno uliloombwa kurudia, na lile ulilodhaniwa umesema. Orodha hiyo ipeleke kwa yeyote atakayekufundisha, au nitumie mimi, na tutaanzia hapo.